Mgongo wa Mgeni

Jumatatu, 3 Machi

Nimepata meza! Meza yangu mwenyewe, karibu na dirisha, kwenye maabara ya wadudu wa ghalani. Ni meza ya majaribio, kama mimi. Daktari, mkuu wa maabara, mwanamke mrefu asiyecheka ovyo, amesema nichore wadudu wawili tu kwa wino mweusi. Wakitoka vizuri, nabaki. Wasipotoka vizuri, kazi yote ya picha anapewa mtu wa kamera, na mimi narudi nyumbani kuchora kadi za harusi za watu.

Sitaki kurudi kwenye kadi. Maua yale yale, njiwa wale wale! Nimechora njiwa mpaka naota njiwa.

Wadudu wenyewe wamekufa zamani, wamechomwa pini juu ya vizibo. Kila mmoja mdogo kuliko punje ya mchele. Bila hadubini ni doa tu. Wana majina marefu ya kisayansi yanayonikaba koo, kwa hiyo nimewapa yangu. Mmoja ni Mwenyeji, maana yuko maghalani tangu zamani. Anakula nafaka, ndiyo, lakini ukianika magunia juani anakwenda zake. Wa pili ni Mgeni. Huyo ni balaa. Akionekana, ghala linatakiwa kutolewa kila kitu siku hiyo hiyo, la sivyo anamaliza nafaka kisha anageukia mbao za ukuta.

Wanafanana kama pacha. Tofauti iko mgongoni tu: Mwenyeji ana mashimo madogo madogo, Mgeni ana vinundu. Basi! Picha zangu zitawekwa kwenye kipeperushi cha watunza ghala. Mtunza ghala akichanganya shimo na kinundu, ameumia.

Nimemweleza mume wangu. Yeye ni fundi wa friji, anapenda mambo yenye skrubu. Ameuliza kama wadudu wananilipa kwa kukaa kimya. Nimemtupia mto.


Jumanne, 4 Machi

Nimekutana na mtu wa kamera. Tunamwita Bwana Picha. Nilijiandaa kumchukia, lakini nimeshindwa, kanikaribisha chai kabla sijavua hata koti.

Kanionyesha Mgeni kwenye kompyuta. Jamani! Kila unywele unaonekana. Nikasikia moyo unashuka – mimi hapa nafanya nini? Halafu akaprinti, akaipeleka karatasi kwenye mashine ya fotokopi ya ofisi, ile itakayotoa vipeperushi vyote. Ikatoka kama mtu kamwaga masizi. Mgongo wote mweusi tii.

Mashine yetu haijui kijivu, kasema. Inajua nyeusi na nyeupe, basi.

Ndiyo maana wananihitaji. Wino nao haujui kijivu. Kijivu unakidanganyia jicho, kwa nukta na mistari, na nukta ni nyeusi kweli, hata mashine mbovu inaikubali. Bwana Picha anasema bado anahangaika, atapata njia ya kung'arisha picha zake. Nimemwambia kila la heri. Sikumaanisha sana.


Jumatano, 5 Machi

Siku nzima nukta.

Kalamu inyooke wima. Ukiilaza kidogo tu, nukta inaota mkia, na nukta zenye mikia zikiwa nyingi mdudu anaonekana ana manyoya. Nimejaza karatasi nzima ya majaribio. Mikia kila mahali. Nilikuwa naharakisha, si kingine.

Bega linauma. Nimelala mapema.


Alhamisi, 6 Machi

Taa ya meza yangu shingo imekatika. Ukiisimamisha inainama yenyewe, kama mtu anayesinzia kanisani. Nimeiegemeza kwenye kopo la pini, chini kabisa, upande wangu, kuliani karibu na kifua. Kwa kweli imenifaa. Mimi natumia mkono wa kushoto. Taa ikikaa kushoto, kivuli cha mkono kinafunika kila ninachochora. Hapo ilipo sasa inamwangaza mdudu vizuri na mkono wangu hauizibi. Nimejipongeza kwa akili.

Nimeanza Mgeni. Kwanza muhtasari kwa penseli, mwepesi. Halafu wino. Mstari wa pembeni sikuuchora unene mmoja pande zote – hilo ni kosa la kadi za harusi, mdudu angeonekana amekatwa kwa mkasi. Upande wa mwanga mstari mwembamba, mahali pengine nimeukata kabisa, jicho linajaza lenyewe. Upande wa giza nimeukaza.

Halafu weupe. Hili ndilo linalonitoa jasho. Kwenye rangi ukikosea unapaka nyeupe juu. Kwenye wino nyeupe ni karatasi yenyewe, ukishaigusa imekwenda. Kwa hiyo unaanza kwa kujua pale ambapo hutagusa. Kila kinundu nimekiachia jicho lake jeupe upande wa taa, nukta zikaanza mbali, chache, zikasogeleana, zikasongamana upande wa pili.

Na siri niliyojifundisha mwenyewe kwenye mabawa ya njiwa: kivuli kisifike mpaka ukingoni. Acha utepe mwembamba wa mwanga hafifu pale mwisho. Bila huo utepe, kitu ni bapa. Ukiuacha – kinageuka mviringo mbele ya macho yako! Kila mara nikiuona unatokea nafurahi kama mtoto.


Jumatatu, 10 Machi

Mgeni amekwisha. Mwenyeji yuko nusu.

Miguu nimeitia mistari badala ya nukta, mifupi, inayopinda kufuata unene wa mguu, kama pete. Ukipiga mistari iliyonyooka mguu unakuwa ubao. Kwenye kona za giza nimekatisha mistari juu ya mistari, lakini nilingoja ile ya kwanza ikauke. Wiki iliyopita sikungoja na kiganja kiliburuta wino mpaka kwenye kichwa. Sisi wa mashoto tuna adhabu zetu.

Nimepitisha picha kwenye fotokopi, kisha nikapiga fotokopi ya ile fotokopi, kisha ya hiyo tena, maana najua maofisini wanavyofanya. Nukta ndogo sana zilipotea. Zilizobanana sana ziliungana zikawa doa. Sasa najua ukubwa wa nukta unaosalimika. Nimerudia sehemu ya tumbo.

Bwana Picha alipita, akasimama nyuma yangu. Halafu kasema, dada, hii kazi. Nikajifanya sijasikia ili aseme tena.


Jumatano, 12 Machi

Wote wawili tayari! Nimewaweka kando kwa kando. Ukikunja macho hivi mpaka kope zikaribie kugusana, unaona weusi na weupe peke yake, na migongo yao inainuka kutoka kwenye karatasi. Ni picha bora kuliko zote nilizowahi kuchora. Naandika hapa kwa sababu hakuna atakayesoma: najivunia.

Daktari ameziangalia muda mrefu. Kasema nzuri. Halafu akaziangalia tena, akakunja uso kidogo, akasema kesho tutajaribu kwa watu.

Mbona akakunja uso?


Alhamisi, 13 Machi

Aibu. Aibu tupu.

Daktari aliita watu watatu wasiojua lolote kuhusu wadudu: mlinzi, katibu na fundi bomba aliyekuja kurekebisha sinki. Kila mmoja kwa zamu yake akapewa lenzi, visahani viwili, kila kimoja na mdudu wake, na karatasi yangu. Swali moja: mdudu wa picha hii, Mgeni, yuko kisahani kipi?

Mlinzi akachagua Mwenyeji. Nikasema moyoni, haya, mlinzi macho yamechoka. Katibu akachagua Mwenyeji. Fundi bomba, alikuwa na haraka, akatazama mara moja tu: Mwenyeji. Wakapewa picha ya Mwenyeji – wote watatu wakanyoosha kidole kwa Mgeni!

Nilidhani visahani vimebadilishwa. Nikakagua mwenyewe kwa hadubini. Havijabadilishwa. Maandishi chini ya picha? Yako sawa. Nikamuuliza katibu, kwa nini umechagua hiki? Akasema, si picha yako ina vishimo? Na huyu hapa ana vishimo.

Vishimo! Mgeni wangu! Nikaitazama picha. Vinundu, waziwazi, kila kimoja na jicho lake jeupe. Nikamwambia, hivi ni vinundu. Akanitazama kwa huruma, vile mtu anavyomtazama mgonjwa.

Daktari kasema maneno machache. Picha haijashindwa kusema, kasema. Ingeshindwa, wangebahatisha, huyu hivi yule vile. Picha yako inasema vizuri sana, lakini inasema kinyume. Alhamisi ijayo watunza ghala wanakuja kwa mafunzo. Nusu watapewa kamera, nusu kalamu. Leta kitu kinachosema kweli, au tutumie kamera peke yake.

Nimerudi nyumbani kwa miguu. Sikutaka mtu aniulize kitu.


Ijumaa, 14 Machi

Nimekaza vivuli vya Mgeni, nikidhani vilikuwa hafifu. Nimempelekea katibu. Kasema, sasa vishimo vimekuwa virefu zaidi.

Nimefunga kalamu. Bwana Picha kaniambia pole, na nadhani alimaanisha, na hilo limeniuma kuliko angecheka.


Jumapili, 16 Machi

Lazima niandike haraka kabla sijasahau hata neno moja!

Nilikuja na karatasi nyumbani, nimeitandika kwenye meza ya kulia, namtazama Mgeni kama mtu anayemtazama mdeni wake. Mama mkwe alikaa ng'ambo ya meza akishona vifungo vya shati la mwanawe. Mama mkwe tangu mwanzo hajaelewa kazi hii. Anasema mke wa mwanawe analipwa kuchora kunguni.

Akaacha sindano, akachungulia. Akasema:

– Maskini, huyu vipele vyote hivi mgongoni vimempata wapi?

Niliruka.

– Mama! Unaona vipele?

– Kwani mimi kipofu? Vipele hivi hapa. Vimemjaa.

Mtu wa kwanza! Mtu wa kwanza duniani kumwona Mgeni alivyo! Nikamwambia aje upande wangu anionyeshe kwa kidole. Akazunguka meza, anaguna, magoti yake hayapendi kuinuka. Akainama karibu yangu. Akaikodolea macho karatasi.

– Umebadilisha karatasi.

– Sijabadilisha, mama.

– Umebadilisha. Hii ina mashimo. Mimi mtu mzima, mwanangu, usinichezee.

Akarudi kwenye kiti chake, amekasirika kweli. Akaketi. Akatazama. Akaruka yeye sasa:

– Vipele hivi hapa vimerudi!

Tukamwita mume wangu kutoka uani. Akaja na spana mkononi. Upande wa mama yake: vinundu. Upande wangu: mashimo. Akazunguka meza, akazunguka tena, mara ya tatu akaanza kucheka mpaka akashika kiti. Mimi sikucheka. Nilichukua karatasi nikaigeuza kichwa chini. Mgeni akavimba, vinundu vyote, hata mama mkwe akapiga makofi. Nikaigeuza tena. Mashimo. Kwa mara ya kwanza niliyaona mashimo mwenyewe, na sasa siwezi kuacha kuyaona.

Ni taa! Ile taa mbovu niliyojipongeza nayo, pale chini karibu na kifua. Mwanga ulimpiga mdudu kutoka chini, na mimi nikachora kama nilivyoona, mwaminifu kabisa, weupe upande wa chini na giza juu. Lakini nani duniani amezoea mwanga kutoka chini? Jua liko juu. Balbu iko juu. Mtu akiona giza juu na weupe chini, jicho lake halimuulizi, linaamua hapo hapo: shimo. Na Mwenyeji, mashimo yake yakawa vipele kwa njia ile ile.

Mimi sikuona kwa sababu nilijua. Nilishamwona kwa hadubini, nilishajua ni vinundu, kwa hiyo kila nikitazama karatasi nilitazama ninachokijua. Nimewalaumu mlinzi na katibu bure.

Mama mkwe anadai chai kwa kazi aliyofanya. Nimempa na sukari ya ziada.


Jumatatu, 17 Machi

Bwana Picha, nilipomweleza, kasema hapo hapo: basi chapisha kichwa chini! Kazi imekwisha!

Nilifikiria, nakiri, kwa dakika nzima. Daktari kakataa. Watu wataigeuza, kasema, mtu akiona kichwa kiko chini mkono unageuza karatasi wenyewe, na ukishageuza, mashimo yamerudi. Nimetazama ukutani: picha zote za wadudu, za zamani na mpya, vichwa juu, na zote mwanga unatoka juu kushoto. Zote! Nimekaa chini ya hizo picha wiki mbili sikuona.

Kwa hiyo ni kuchora upya. Wote wawili. Na leo ni Jumatatu.

Nikahamisha taa kushoto, juu ya rafu. Mkono wangu ukafunika kila kitu, kama nilivyojua. Ninatia nukta gizani. Kiganja kinapita juu ya wino mbichi. Mpaka mchana nilikuwa nimeharibu karatasi mbili na hasira imenifika puani.

Halafu nikatulia, nikarudisha taa pale pale pabovu, juu ya kopo la pini. Nikamgeuza mdudu. Kichwa kuelekea kwangu, mkia kuelekea dirishani. Nikaanza kumchora hivyo hivyo, kichwa chini! Mwanga kwangu unatoka chini kulia. Nikimaliza, nikageuza karatasi, utakuwa unatoka juu kushoto, kama za ukutani. Na mkono wangu hauna kivuli.

Sijui kwa nini sikumwambia mtu. Nilitaka kwanza nione.


Jumanne, 18 Machi

Ajabu moja. Mdudu akiwa kichwa chini simjui. Sioni mguu, sioni kichwa, sioni Mgeni. Naona hapa peupe, hapa pameanza giza, hapa giza, hapa ule utepe. Nachora mwanga tu. Mkono umekuwa mwepesi. Nukta hazina mikia. Nimeacha weupe mwingi kuliko mara ya kwanza na sikuogopa.

Kila baada ya muda naigeuza karatasi na kutazama. Vinundu! Naigeuza tena naendelea. Daktari alipita akanikuta nachora kichwa chini. Akaendelea na njia yake. Lakini alirudi baadaye, akaweka juu ya meza chupa ya wino mpya, ule mzuri wa kabatini kwake, akaenda.


Jumatano, 19 Machi

Wamekwisha. Nimempelekea katibu. Akasema, sasa hivi ndivyo vinundu, dada, kwa nini hukufanya hivi tangu mwanzo? Nimemkumbatia. Hakuwa amejiandaa.

Lakini katibu ameshaiona ile ya kwanza, anajua natafuta nini. Hahesabiki. Mlinzi naye vivyo hivyo. Nahitaji macho yasiyojua kitu, na hayo ni ya kesho.

Bwana Picha naye amefanikiwa. Ameng'arisha, amepunguza weusi, na safari hii fotokopi imetoa mgongo unaosomeka. Si vibaya hata kidogo. Nimemwambia ukweli, ni nzuri. Kasema, zako pia. Tukabaki tunatazamana kama mabondia wanaopendana.

Mume wangu ametengeneza shingo ya taa. Alikuja kazini kwangu mwenyewe, na skrubu zake mfukoni, furaha tele. Sijapata moyo wa kumwambia kwamba siihitaji tena isimame.


Alhamisi, 20 Machi

Naandika magotini. Ukumbi mdogo wa mafunzo, nyuma kabisa. Daktari kanipa sharti moja: nisifungue mdomo. Sura yangu pia niitulize, kasema, maana inasema peke yake. Ndiyo maana naandika, ili niwe na pa kutazama.

Watunza ghala wamejaa. Wanaume, wanawake, wengine na vumbi la magunia bado kwenye viatu. Nusu ya kulia wana picha za kamera, nusu ya kushoto wana zangu. Kila mmoja anakuja mbele peke yake, meza yenye lenzi na visahani viwili. Visahani havina jina, lakini mimi najua Mgeni yuko kipi. Anaonyesha kile anachodhani kina Mgeni, Daktari anaandika, hasemi ulipata au ulikosa.

Wa kamera wameanza. Wa kwanza kachagua Mgeni. Sawa! Wa pili kasita, kachagua Mwenyeji. Wa tatu kasema haoni tofauti, yote meusi. Bwana Picha amejifuta uso. Nisifurahi. Nafurahi kidogo. Wa nne kapata, wa tano kapata.

Sasa zamu ya zangu.

Anakuja mama mmoja mnene, miwani imefungwa kwa uzi shingoni. Anasema ametunza ghala tangu hajaolewa, mdudu hamdanganyi. Watu wanacheka. Anakaa. Hashiki lenzi. Hatazami visahani. Anatazama karatasi yangu tu.

Mbona hatazami visahani?

Ameinua karatasi karibu na uso. Ameishusha. Anavaa miwani. Mtu wa nyuma anamwambia, mama, fanya haraka, akamjibu bila kugeuka, ngoja nimsome kwanza.

Mkono wangu umelowa, kalamu inateleza.

Ameweka kidole gumba juu ya mgongo wa Mgeni. Anakipitisha polepole, kutoka shingoni mpaka mkiani, vile unavyopapasa ukuta gizani. Amesimama. Amekitazama kidole chake. Ameigeuza karatasi akaangalia nyuma yake, kama kuna kitu kimetokeza upande wa pili. Hakuna kitu, mama! Ni laini! Ni wino tu!

Anapapasa tena. Anamwambia Daktari, lakini hii imeinuka.

Daktari ameweka kalamu chini, karibu atabasamu. Ameinua kichwa, ananitafuta mimi huku nyuma, na yule mama bado hajagusa kisahani hata kimoja.